Mwonjaji wa Kwinini na Ladha ya Soda ya Kengele

Saa mbili na nusu asubuhi, Mama Ulimi bado hajatia kitu kinywani. Hajanywa chai, hajatafuna hata punje ya karanga, na meno ameyasugua kwa maji matupu. Amekaa kwenye stuli mbele ya meza nyeupe yenye glasi saba. Ukizitazama utasema zote ni maji tu.

Anachukua glasi ya kwanza, anapiga funda moja, anazungusha mdomoni huku akiangalia saa ya ukutani. Nusu dakika ikitimia anainama na kutema kwenye ndoo iliyo miguuni pake.

"Kimya," anasema.

Msichana aliyevaa koti jeupe, ambaye ni mkemia wa kiwanda, anaandika. Mama Ulimi anasukutua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, halafu anasubiri dakika kumi kabla ya kugusa glasi ya pili. Katika dakika hizo haruhusiwi mtu kupita mlangoni na marashi, wala kumenya chungwa kwenye korido.

Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Ya nne anaizungusha, anafumba macho, anainua kidole kimoja.

"Huyu ananong'ona."

Hiyo ndiyo lugha ya chumba hiki. Glasi isiyo na uchungu wowote iko kimya. Ile ambayo uchungu ndiyo kwanza unaanza kusikika, hiyo inanong'ona. Ikiwa chungu kiasi cha kukunja uso, basi inaongea. Mkemia anaitafuta ile inayonong'ona, maana ndiyo inayomwambia nguvu ya dondoo iliyotolewa jana kwenye magome ya mti wa kwinini.

Kwenye karatasi za ofisi wanaandika "dondoo". Wafanyakazi wenyewe wanaiita supu.

Mama Ulimi ana miaka sitini, na arobaini na mmoja kati ya hiyo ameimaliza ndani ya geti hili. Jina lake la kwenye kitambulisho linajulikana na karani wa mishahara peke yake. Wengine wote, kuanzia mlinzi hadi mkurugenzi, wanamwita Mama Ulimi.

"Wageni wakisikia jina wanadhani mimi ni msengenyaji," anasema na kucheka. "Nawaambia, ningekuwa msengenyaji ningekuwa tajiri. Kwenye kiwanda hiki nimesikia mengi!"

Glasi saba za kila siku hazimpi shida. Iliyompa shida mwaka huu ni glasi ya nane.

Miezi michache iliyopita, kampuni moja ya vinywaji iliamua kurudisha sokoni soda ya zamani iliyoitwa Kengele, ambayo iliacha kutengenezwa miaka ishirini na minne iliyopita. Kampuni ilikuwa na chupa za maonyesho, matangazo ya zamani, hata nembo yenyewe. Kitu kimoja tu haikuwa nacho, nacho ni ladha.

Uchungu wa Kengele ulitoka hapa kiwandani. Idara ya kulowekea ilifuata maelekezo yaliyomo kwenye kitabu cha zamani, neno kwa neno, ikatengeneza sampuli. Kabla haijatoka, ilipelekwa kwa Mama Ulimi ikiwa glasi ya nane, mtu pekee aliyebaki kazini ambaye aliwahi kuionja supu ya Kengele kila siku.

Alisema siyo. Wakatengeneza nyingine. Akasema siyo.

Mnunuzi wa kampuni hiyo akatoa nafasi ya tatu na ya mwisho, wiki tatu tu. Ikishindikana, ataacha mpango wote. Na idara ya kulowekea, ambayo siku hizi haina kazi ya kutosha, itafungwa. Wafanyakazi wake ni thelathini na mmoja.

"Watu walianza kuniangalia vibaya kantini," anasema Mama Ulimi. "Mmoja akaniambia, 'Mama, kwani ukisema ndiyo utapungukiwa nini?' Nikamwambia nitapungukiwa ulimi."

Alipofika hapa kuomba kazi alikuwa na miaka kumi na tisa, na nguo yake moja ya kutokea. Msimamizi wa wakati huo, mtu mwenye sharubu nene, alimuuliza swali alilokuwa akiwauliza wote: "Wewe binti, una uchungu na kazi?"

"Nikamjibu, 'Sijaonja bado, mzee.' Mimi nilijua anauliza uchungu wa magome! Alicheka mpaka akashika meza. Akaniambia njoo kesho."

Mshahara wake wa kwanza ulinunua viatu jozi moja, sukari kilo nne na kitambaa cha gauni la mama yake. Ukaisha. Anakumbuka kila kitu alichokinunua, hata rangi ya kitambaa, ambayo ilikuwa ya kijani kibichi yenye madoa meupe.

Kiwanda cha siku hizo kilikuwa kingine kabisa. Malori yalipanga foleni nje ya geti tangu asubuhi, yamejaa magome yaliyokauka na kujikunja kama karatasi. Ukikaribia kwa miguu, unalipata vumbi lake kooni kabla hujaona ukuta. Watoto wa jirani walikuwa wakilamba midomo na kukunja nyuso, kisha wanakimbia wakicheka.

Magome bora, yale ya miti iliyokomaa, yalikwenda upande wa dawa. Kilo mia moja zilitoa takribani kilo tano za unga mweupe, na unga huo ndio uliotengenezwa vidonge na sindano za malaria. Kipindi cha mvua, hospitali zilipiga simu kiwandani kutwa nzima.

"Tulikuwa tunajiona kama wauguzi," anasema. "Mtoto wa mtu akipona, mama yake anatuambia njiani, 'Ahsanteni nyie wa kiwandani.' Na sisi tunaitikia, kana kwamba tumemtibu wenyewe."

Magome yaliyobaki, mepesi na ya matawi, yalikwenda upande wa vinywaji. Huko ndiko Kengele ilikozaliwa. Mtu aliyemeza kwinini nyingi husikia mlio masikioni, na wagonjwa wa zamani waliuita mlio huo kengele. Soda haikuwa na kwinini ya kumfikisha mtu huko, ila jina lilimchekesha mwenye kampuni, akalichapisha kwenye chupa.

Siku hizi dawa mpya zimechukua nafasi kubwa. Hospitali bado zinaagiza kwinini kwa baadhi ya wagonjwa, lakini katika kila magunia kumi ni matatu tu yanayokwenda upande wa dawa. Saba yanakwenda kwenye soda chungu, vinywaji vya kuamsha hamu ya kula, peremende za koo na mafuta ya nywele.

Miaka tisa ya kwanza Mama Ulimi alikuwa kwenye mapipa. Yalikuwa mapipa sita ya mbao, marefu kuliko mtu, yenye ngazi pembeni. Mwenzake katika zamu alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwenye sauti ya kufika geti la pili bila kipaza sauti.

"Yeye ndiye aliyeniozesha," anasema. "Aliniona nabeba gunia bila kulalamika, akaenda kumwambia kaka yake, 'Nimekupatia punda.' Mpaka leo ananiita hivyo akifurahi."

Huyo kaka alikuwa dereva wa lori la magome. Siku ya mshahara alimsubiri kantini na chupa mbili za Kengele zenye jasho la baridi. Mama Ulimi alikuwa ameshaionja supu yake tangu asubuhi kwa kijiko cha mbao, mdomo umechoka.

"Ningemwambiaje? Kijana wa watu katumia pesa yake. Nikawa nakunywa, natabasamu. Alikuja kujua baada ya watoto wawili." "Ana miaka kumi na moja tangu afariki. Na bado nikisikia chupa inafunguliwa nageuka."

Baada ya mapipa alihamishiwa kwenye meza ya kuonja, na huko amekaa miaka thelathini na miwili. Kazi ina posho yake ndogo, inayoitwa posho ya ulimi, inayotosha gesi ya mwezi mmoja. Ina hasara zake pia. Chakula cha moto sana hali. Pilipili hagusi. Chumvi ya mchuzi, nyumbani kwake, huonjwa na bintiye wa mwisho, kwa sababu yeye akionja kila mchuzi anauona una kasoro.

"Wanangu wanasema wamelelewa na maabara," anasema.

Ni kwenye meza hiyo alikogundua, miaka ishirini na sita iliyopita, kwamba Kengele imebadilika. Kiwanda kilikuwa kimeondoa mapipa ya mbao na kuweka mitungi ya chuma inayojiosha yenyewe kwa mabomba. Supu ilitoka safi, nyepesi, ya rangi nzuri. Uchungu ulikuwepo.

"Lakini ulikuwa unaisha mapema," anaeleza. "Kengele ya zamani ukiimeza, uchungu unaenda, unasema umekwisha, halafu unarudi kwa nyuma, huku kooni, taratibu, kama mtu aliyesahau kuaga. Hii mpya ilikuwa inaondoka moja kwa moja."

Wanywaji nao waliona. Mauzo yakashuka, na miaka miwili baadaye soda ikafa. Uongozi uliwaita wanawake wote waliowahi kufanya kazi kwenye mapipa, ukawauliza kama kuna jambo walilokuwa wakilifanya tofauti na kitabu.

Wote walijibu kwamba walifanya kama ilivyoandikwa. Mama Ulimi alijibu hivyo hivyo.

Haikuwa kweli, na alijua.

Kitabu kilisema hivi: magome yalowekwe, supu itolewe. Magome hayo yalowekwe mara ya pili ili yatoe mabaki, na maji hayo ya pili yamwagwe. Kisha pipa lisuguliwe kwa brashi, lijazwe maji mapya kwa ajili ya magome ya siku inayofuata. Jioni, daftari la usafi lisainiwe.

Maji mapya yalikuwa kwenye tangi chini ya kilima. Ndoo kumi na mbili kwa kila pipa, na mapipa ni sita.

Mwaka wa pili wa Mama Ulimi kazini, wifi yake alikuwa mjamzito wa miezi minane. Likizo ya uzazi ilianza siku ya kujifungua. Siku moja ya jua kali alipanda na ndoo, akakaa chini katikati ya njia, akasema hanyanyuki.

"Nilibeba zangu, nikabeba zake, nikashindwa," anasimulia Mama Ulimi. "Yeye akaniambia, 'Wewe punda, kwani haya maji ya pili yana ubaya gani? Yamwage nani? Tia magome mapya humo humo, tukafie mbele.' Tukatia."

Walisubiri kuitwa ofisini. Badala yake, mwezi huo kampuni ya soda ilileta barua ya pongezi.

Basi wakaendelea. Wifi akajifungua, akarudi, na maji ya pili hayakumwagwa tena, mpaka ilipokuja mitungi inayojiosha yenyewe. Wenyewe waliyaita maji ya jana. Wengine walipoingia kwenye zamu walifundishwa hivyo hivyo, kwa kunong'onezwa. Kila jioni daftari lilisainiwa: limeoshwa, limeoshwa, limeoshwa. Kwa saini hizo, wifi alipewa cheti cha Mfanyakazi Msafi wa Mwaka, chenye mhuri wa dhahabu.

Sampuli ya pili ilipokataliwa, Mama Ulimi hakwenda kwa msimamizi. Jumamosi alikwenda kwa wifi yake.

Wifi ana miaka sitini na tisa sasa. Magoti yamechoka, sauti haijachoka. Sebule yake ina makochi mawili yenye vitambaa vya kufuma, redio, na ukutani juu ya redio, kwenye fremu isiyo na vumbi hata chembe, kile cheti.

"Karibu, wifi," alisema. "Umekuja kunisalimia au umekuja kuniomba kitu? Maana sura hiyo naijua."

"Vyote viwili."

"Haya, anza na salamu."

Walisalimiana, wakaulizana watoto, wajukuu, magoti. Chai ikaletwa. Ndipo Mama Ulimi akasema, "Wifi, wanairudisha Kengele."

"Na irudi salama. Mimi nimestaafu."

"Haipatikani. Nimewaambia mara mbili siyo."

"Waambie ndiyo! Nani atakubishia? Walioinywa nusu wako kaburini, nusu wana sukari."

"Nataka niwaambie habari ya yale maji."

Wifi aliweka kikombe chini. "Maji gani?"

"Unayajua."

"Mimi sijui maji yoyote. Mimi ni Mfanyakazi Msafi wa Mwaka. Soma pale ukutani, au ulimi umekula na macho?"

"Wifi, nakuomba ruhusa. Nisingesema bila kukwambia."

"Miaka ishirini na minne umekaa kimya, leo ndiyo ulimi unakuwasha?"

"Kuna watu thelathini na mmoja, wifi."

"Na mimi ni wa ngapi?"

Nje, wajukuu walikuwa wakigombania baiskeli. Wifi aliwasikiliza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, ambayo si kawaida yake.

"Na nikuulize jambo. Una uhakika ni ladha unayoikumbuka? Au unamkumbuka kaka yangu tu?"

Mama Ulimi aliondoka bila kumaliza chai. Njia nzima, anasema, alijaribu kuikumbuka Kengele bila kumkumbuka mumewe, akashindwa. Kila alipoinua chupa kichwani mwake, mkono uliomkabidhi ulikuwa wa mumewe.

"Hapo niliogopa kweli. Kama ulimi wangu unadanganya, basi nimewatesa wenzangu bure. Na kama hauna makosa, siwezi kusema bila kumvua nguo mtu aliyeniozesha. Nikaamua Jumatatu nikaseme ndiyo. Sampuli yoyote, ndiyo. Yaishe."

Jumatatu saa tatu asubuhi, kabla hajasema lolote, mlinzi alipiga simu kutoka getini. Kuna bibi mmoja, alisema, ana fimbo na mfuko wa plastiki, na anamtukana.

"Simtukani," ilisikika sauti kwenye simu hiyo hiyo. "Namwambia nimeanza kazi hapa baba yake hajaoa!"

Wifi aliingia ofisini kwa msimamizi wa idara, akakataa kiti, akatoa cheti ndani ya mfuko na kukilaza mezani. Msimamizi, mwanamume mpole wa miaka arobaini na kitu, alikisoma bila kuelewa.

"Hicho ni uongo," wifi alimwambia. "Siyo chote. Nilikuwa msafi, mapipa ndiyo hayakuwa yameoshwa. Mnaitafuta Kengele kwenye kitabu, na kitabu hatujawahi kukifuata. Keti, mwanangu, nikusimulie."

Alisimulia yote, ndoo, kilima, mimba, saini. Mama Ulimi, aliyeitwa haraka kutoka kwenye meza yake, alisimama mlangoni akitazama sakafu.

"Huyu punda hana kosa," wifi alimalizia. "Alikuwa anafuata mkubwa wake. Sasa kama kuna wa kufukuzwa, nifukuzeni mimi. Nione mtanifukuzaje."

Aliyecheka wa kwanza ni mkemia, aliyekuwa amemfuata Mama Ulimi hadi mlangoni.

"Mama, hiyo siyo hila," alisema. "Hiyo tunafundishwa chuoni. Maji dhaifu ya mwisho unayapeleka kwenye magome mapya, yanabeba vitu ambavyo maji matupu hayabebi. Ina jina refu kabisa."

"Kumbe nimesoma chuo," wifi alijibu. "Mbona sikupewa joho?"

Kitu kimoja mkemia hakukifurahia, nacho ni uchafu. Maji ya kulala kwenye pipa la mbao lisilosuguliwa yangeweza kumdhuru mtu, na ilikuwa bahati kwamba hakuna aliyeumwa. Akasema watajaribu, lakini kwa sufuria za chuma, na maji ya pili yachemshwe kila jioni, na kiasi cha kwinini kipimwe kwa mashine kisizidi kinachoruhusiwa kwenye soda. Wifi alinung'unika kwamba ladha itaharibika. Hata hivyo alikubali.

Walifanya hivyo kwa siku nane mfululizo. Magome yakatolewa, maji ya pili yakachemshwa, magome mapya yakaingia ndani yake. Wafanyakazi wa idara walipita kwenye jiko la kuchemshia, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na kisingizio chake.

Siku ya tisa mkemia aliwaweka mawifi wawili katika vyumba tofauti. Kila mmoja alipewa glasi tano zenye herufi chini, mahali wasipoweza kuona. Moja ilikuwa na supu ya siku nane. Nne zilikuwa na supu za kitabu, zimepunguzwa mpaka nguvu zikalingana.

"Nilimwambia, usinipe mambo ya kutema," anasema wifi. "Mimi si mwonjaji, mimi ni mnywaji. Nikameza zote."

Mama Ulimi alichukua muda wake. Anasema alijilazimisha kutomfikiria mtu yeyote. Alihesabu vigae vya ukutani. Kwenye glasi ya pili alifika kigae cha kumi na saba, na hapo uchungu, uliokuwa umekwisha, ukarudi kwa nyuma.

Alisukuma glasi mbele, akafunika uso kwa kiganja.

Chumba cha pili, wifi alikuwa ameshamaliza zamani na anabishana na mkemia. "Niandikie hii hapa. Hiyo nyingine ni maji ya kuoshea vikombe. Hii. Imeniondokea, halafu imerudi kunidai."

Mkemia aligeuza glasi mbili, moja kutoka kila chumba. Herufi ilikuwa moja.

Wifi alipoambiwa, aliomba apelekwe kwa Mama Ulimi. Alimkuta mwenzake bado ameketi. Hakusema chochote kuhusu swali aliloliuliza Jumamosi ile. Alimpiga begani kwa upande wa fimbo, polepole, akasema, "Twende zetu kantini, punda. Mdomo wangu umekuwa dawa."

Mnunuzi alikuja mwisho wa wiki ya tatu. Ni kijana, Kengele ilipokufa alikuwa bado hajaanza shule. Alionja, akasema ni nzuri, akauliza kama kweli ndiyo yenyewe. Msimamizi akamwonyesha Mama Ulimi.

"Ndiyo," alisema.

Neno moja tu, lile ambalo wenzake walimwomba kwa wiki kadhaa.

Wamepewa mkataba wa mwaka mmoja wa majaribio. Idara haifungwi. Mnunuzi hakuahidi zaidi ya hapo, na mkemia anasema mwaka ni mfupi, kwa sababu wanywaji wa leo hawakuzoea kitu kinachorudi kooni. Cheti kimerudishwa sebuleni kwa wifi, baada ya msimamizi kukataa kukipokea. Yeye anasema amekitundika chini kidogo kuliko pale kilipokuwa.

Kilichobaki kilikuwa kitabu. Msimamizi aliwaita wote watatu waandike maelekezo mapya. Mkemia alileta lile jina refu. Mama Ulimi akasema waandike tu "maji ya jana", kila mtu ataelewa.

"Hawataelewa," wifi alikataa. "Anayesoma ni yule aliyeshika sufuria jioni. Kwake hayo maji ni ya leo. Mwandikie kazi yake: haya ni maji ya kesho, asiyamwage."

Walibishana robo saa. Sasa imeandikwa kwa wino mweusi, ukurasa wa kumi na nne: maji ya kesho.

Mama Ulimi anastaafu baada ya miezi sita. Mashine mpya inapima kiasi cha kwinini kwa sekunde chache, lakini haijui uchungu unarudi au haurudi, na kampuni ya soda imetaka mdomo wa mtu kwa kila mzigo. Kwa hiyo anafundisha wawili, mkemia mwenyewe na mama mmoja kutoka idara ya kulowekea, mwenye watoto watatu na aibu nyingi.

Kila asubuhi wanakaa pande mbili za meza. Mwanzoni mama huyo alikuwa akisubiri mkemia aseme kwanza, halafu anasema kama yeye. Mama Ulimi aliliona. Akawaamuru wageuziane migongo.

"Huyo mwenye aibu ana ulimi kuliko mimi," anasema. "Ila anaogopa koti jeupe."

Hataki sherehe ya kuagwa, na saa ya ukutani ya zawadi ameshawaambia anazo mbili. Anataka siku yake ya mwisho awaachie glasi tano, atoke, akae kwenye benchi la nje nusu saa nzima.

"Nikirudi nikute wamekubaliana glasi zote tano bila ubishi, nitajua mmoja ameiga, nami nitaomba mwezi mwingine," anasema Mama Ulimi. "Nikikuta wanabishana, kila mmoja na ulimi wake, nachukua mkoba wangu naenda nyumbani."